Maisha ya Imamu Shafii na Insafu Yake Katika Kuchagua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, watu wengi wa pwani yetu hii ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, nao hawakuanza jana. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakiyafuata madhehebu hayo hayo. Jina la Imamu huyu twalitaja kila siku, lakini ni wachache wetu waijuao njia aliyoipita hata akafikia rai zake. Tumeona ni wajibu kuieleza kwa ufupi, kwani ndani yake mna dawa ya maradhi yaliyotuenea, nayo ni taasubi.

Imamu wetu ni Muhammad bin Idris, Mkureshi wa ukoo wa Bani Muttalib. Alizaliwa Ghaza katika nchi ya Sham mwaka 150 wa Hijra (767), mwaka ule ule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa naye angali mchanga, na mama yake akamchukua Makka apate kulelewa karibu na jamaa zake. Walikuwa mafukara. Wanavyuoni wamesimulia kuwa mama hakuwa na ujira wa kumpa mwalimu, na kwamba mtoto alikuwa akiokota mifupa akaandika ilimu yake juu yake. Juu ya hayo aliihifadhi Kurani angali mdogo, kisha akakaa na watu wa kabila la Hudhayl, mabingwa wa Kiarabu fasihi, akajifunza lugha na mashairi yao. Hapo Makka alisoma fikihi kwa Muslim bin Khalid al-Zanji, mufti wa mji.

Kisha akaenda Madina kwa Imamu Malik, naye amekwisha kuihifadhi Muwatta. Akawa mwanafunzi wake, na hadi mwisho wa umri wake hakuacha kumtukuza. Malik alifariki mwaka 179 (795).

Yafaa msomaji ajue kuwa zama hizo wanavyuoni walikuwa makundi mawili makubwa. Watu wa Hijazi walishika zaidi Hadithi na desturi za watu wa Madina. Watu wa Iraki, wafuasi wa Abu Hanifa, walitumia sana rai na kiasi. Wengi katika kila kundi waliwadharau wenzao bila ya kuvisoma vitabu vyao. Kijana aliyelelewa upande mmoja ilikuwa wepesi mno kwake kubakia huko, akapata heshima kwa wakubwa wake na raha ya nafsi yake.

Lakini Mwenyezi Mungu alimpeleka upande wa pili kwa njia ya msiba. Imamu alikuwa amepewa kazi ya serikali pande za Yaman, na huko akasingiziwa kuwa amejiunga na wapinzani wa dola. Mwaka 184 alichukuliwa pamoja na watuhumiwa wengine mbele ya Khalifa Harun al-Rashid, na roho yake ilikuwa hatarini. Akajitetea kwa hoja, na inasimuliwa kuwa Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alimsemea kheri. Basi akaokoka.

Hapo ndipo ilipodhihiri akili yake. Hakukimbilia kurudi kwao. Alikaa kwa Shaybani, akavinakili vitabu vya watu wa Iraki, akavisoma, akamsikiliza mwenyewe. Na baada ya kuyafahamu maneno yao kama wayafahamuvyo wao, ndipo alipojadiliana nao. Alikubali la haki na akalikataa asiloliona na dalili. Na Shaybani naye alikuwa mtu wa namna hiyo, kwani aliwahi kusafiri Madina akaisikia Muwatta kwa Malik mwenyewe.

Katika kuzijua pande zote mbili ndimo alimoipata mizani yake. Aliandika Risala, kitabu kinachoeleza namna ya kupima hukumu: kwanza Kurani na Sunna, kisha Ijmai, kisha Kiasi chenye misingi yake. Hakumwachia mtu ahukumu kwa kupendezewa tu, wala hakumzuia kutumia akili mahali pake.

Mwaka 195 alikuja Baghdad, akafundisha na kutunga. Rai zake za huko ndizo ziitwazo kauli ya kale. Baadaye akahamia Misri, akasomesha katika Msikiti wa Amr. Huko alizirudia rai zake mwenyewe moja moja, na kila alipoona dalili yenye nguvu zaidi aliiacha ya kwanza, japokuwa wanafunzi wa Baghdad walikwisha kuieneza. Hizo ndizo kauli mpya, zilizomo katika kitabu chake Al-Umm. Vile vile aliandika kumkhalifu mwalimu wake Malik katika mas-ala kadhaa, na wafuasi wa Malik waliokuwa na nguvu Misri wakamchukia kwa hayo. Hakurudi nyuma, wala hakumvunjia mwalimu wake heshima. Na Yunus al-Sadafi ameeleza kuwa walijadiliana siku moja wasiafikiane. Walipokutana tena Imamu alimshika mkono, akamuuliza kama haiwezekani wakawa ndugu hata wasipoafikiana katika jambo moja.

Wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yake waliifahamu njia hii. Katika kauli mpya wakati wa Magharibi ni mfupi, kiasi cha kutawadha, kuadhini na kusali. Katika kauli ya kale unaendelea mpaka wekundu wa mbingu utoweke. Imamu Nawawi, mwenye Minhaji isomwayo katika darsa zetu, aliipa nguvu kauli ya kale kwa sababu ya Hadithi sahihi. Kadhalika yale maneno ya adhana ya alfajiri yanayotukumbusha kuwa sala ni bora kuliko usingizi: Imamu aliyakirihi katika kauli mpya, na wafuasi wake wakashika ile ya kale. Basi kila alfajiri tusikiapo adhana, twasikia tunda la insafu. Hawakumdharau Imamu wao. Walitii wasia wake kwamba Hadithi ikisihi ndiyo madhehebu yake.

Imamu alifariki Misri mwisho wa Rajabu mwaka 204 (820), umri wake miaka 54. Kaburi lake liko Kairo, na kuba lililo juu yake lilijengwa mwaka 608 (1211).

Sasa, ewe ndugu, jipime nafsi yako. Likija jambo la msikiti, la chuo cha watoto wako, la ndoa au la mali, je, humsikiliza mwenzio mpaka akamaliza, au huuliza kwanza yeye ni wa upande gani? Kubadili rai kwa matamanio ni upepo, na kukataa kuibadili baada ya dalili kudhihiri ni kiburi. Imamu wetu alipita katikati. Si haki tujiite Mashafii, kisha tuiache tabia ya Shafii.

Mwenyezi Mungu amrehemu, atunufaishe kwa ilimu yake, na atuonyeshe haki tuifuate. Amin.