Fela Kuti na gharama ya santuri ya Zombie

KILA mara santuri ya Zombie inapochapishwa upya, wapenzi wa muziki humkumbuka marehemu Fela Kuti wa Nigeria.

Fela alizaliwa Abeokuta mnamo Oktoba 15, 1938. Mwaka 1958 alipelekwa London kusomea udaktari, lakini akachagua muziki. Baadaye alichanganya jazi, highlife, fanki na ngoma za Kiyoruba, ukazaliwa mtindo wa Afrobeat.

Katika Zombie, iliyotolewa mwaka 1976, aliwakejeli wanajeshi wanaotii amri pasi na kufikiri. Mnamo Februari 18, 1977, wanajeshi wapatao 1,000 walivamia makao yake jijini Lagos, aliyoyaita Jamhuri ya Kalakuta, wakayateketeza pamoja na studio yake. Mamake, Funmilayo Ransome-Kuti, mtetezi shupavu wa haki za wanawake, alitupwa kutoka dirishani. Alifariki mwaka uliofuata.

Fela hakunyamaza. Alipeleka jeneza hadi kambi ya Dodan, makao ya mtawala wa kijeshi, na akaendelea kuimba licha ya kufungwa mara kwa mara.

Alifariki Agosti 2, 1997, akiwa na umri wa miaka 58. Nyumba iliteketea, ila wimbo ungali unachezwa.