TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Imamu Ghazali alipojiuliza anafundisha kwa ajili ya nani



Ndugu yangu uliyefunga, leo tukae kidogo na Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Allah amrehemu. Jina lake umelisikia mara nyingi kwenye darsa. Pengine hujasimuliwa kwamba kuna siku mwanachuoni huyu alikaa mbele ya wanafunzi wake, akataka kusema, na ulimi ukagoma.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058 Miladia) katika mji wa Tus, Khurasan, ambako leo ni Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini, anasokota sufu na kuiuza. Alipokaribia kufa, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo ya kuwasomesha. Akiba ikaisha. Yule rafiki akawashauri waingie madrasa, maana huko mwanafunzi alipata chakula. Ukubwani Imamu mwenyewe alikiri kwamba elimu hawakuianza kwa ajili ya Allah. Lishike hilo, tutalirudia.

Basi kijana akasoma hasa. Alikwenda Nishapur kwa Imamu Al-Juwayni, mwalimu mkubwa wa zama zile. Mwaka 484 Hijria (1091), akiwa na miaka thelathini na kitu tu, waziri Nizamul-Mulk akampa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wanafunzi 300 walikuwa chini yake, na wakubwa wa dola wakimheshimu. Mtoto wa msokota sufu, jamani! Nani asingesema huyu amefika?

Mwaka uliofuata, ndani ya Ramadhani, yule waziri aliyempa cheo akauawa. Haukupita muda mrefu, Sultani Malik Shah naye akafa. Mambo ya dunia ndiyo hayo.

Ghazali aliendelea kufundisha, lakini moyoni kuna jambo likawa linamkera. Alikuwa amesoma fiqhi, falsafa, na hoja za kila kundi. Akaona kuwa njia ya watu wa Allah haikamiliki kwa kusoma peke yake, lazima mtu aiishi. Hapo akaigeukia kazi yake mwenyewe na kuiuliza nia yake. Jibu likamtisha. Aliona kwamba kinachomsukuma kufundisha ni cheo na sifa, akajiona amesimama ukingoni mwa shimo.

Kuanzia Rajab 488 (1095) alivutana na nafsi yake karibu miezi sita. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mwishowe ulimi ukafunga, akawa hawezi kufundisha hata akijitahidi. Chakula hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakaona maradhi yameanzia moyoni. Ndipo akamlilia Mola wake kama mtu asiye na hila tena, na kuacha kukawa kwepesi.

Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Akaenda Baytul Maqdis, kisha Al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, alayhi salaam. Pale aliweka ahadi tatu: hatakwenda kwa watawala, hatapokea mali yao, na hatabishana na watu. Halafu akaenda Hijja.

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihya Ulumid-Din, vitabu 40 ndani ya kitabu kimoja. Ukifungua mlango wa saumu utakuta ameigawa funga daraja tatu: ya kujizuia na chakula na matamanio, ya kuzuia pia jicho, ulimi, sikio na viungo vyote, na ya moyo usioshughulika na kingine ila Allah. Hebu jiulize, tangu mwezi uandame wewe uko daraja gani?

Sasa sikiliza hapa. Hakubaki mafichoni maisha yote. Watoto walimvuta akarudi kwao, na mwaka 499 (1106) akakubali kufundisha tena, Nishapur. Kazi ni ileile aliyoikimbia! Mwenyewe alieleza kwamba hakurudi alikotoka, kwa sababu zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kukiachia cheo.

Mwisho alirudi Tus. Imamu mzima, umri umekwenda, akakaa kama mwanafunzi kusoma hadithi za Bukhari na Muslim. Alifariki Jumatatu, Jumada al-Akhira 505 (1111). Ndugu yake Ahmad alisimulia kwamba alfajiri alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akaelekea kibla, na kabla jua halijachomoza alikuwa ameshaondoka.

Ndugu yangu, somo si kwamba uache kazi au uhame mji. Wengi wetu tuliingia kwenye kheri kwa sababu nyingine: wazazi walitulazimisha, marafiki walikuwepo, au tulifuata futari ya msikitini. Hakuna aibu. Ghazali naye alianzia kwenye chakula. Hatari ni kufika uzeeni bila kuirekebisha nia. Unayeadhini, unayesalisha, unayepika futari, unayetoa sadaka na picha ikarushwa kwenye kundi, na mimi ninayeandika haya: tungefanya hivyo kama hakuna anayeona?

Kazi ya leo: kabla ya Magharibi fanya jema moja ambalo hatajua mtu, hata wa nyumbani kwako. Usilisimulie kesho wala keshokutwa.

Ewe Mola, zitakase nia zetu kabla ndimi zetu hazijafunga. Mrehemu Imamu Ghazali na wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Tukutane tarawehe, inshaallah.