LINNÉ NA KADUDU KA MABAWA YA WAVU

Jina la Linné tunalikuta katika vitabu vya biolojia, lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui.

Carl Linné alizaliwa mwaka 1707 huko Råshult, katika inchi ya Uswidi. Baba yake, mchungaji wa kanisa la Kiluteri, alitaka mutoto amufuate katika kazi hiyo. Lakini mutoto alipenda maua kuliko Kiebrania. Walimu wakamwambia baba kwamba masomo hayamufai, heri afundishwe kazi ya mikono. Ni daktari Rothman, mwalimu wa Växjö, njo alimuokoa: alimupokea nyumbani kwake, akamufundisha mimea. Baadaye, kule Uppsala, alikuwa maskini mpaka kutia karatasi ndani ya viatu vyake vilivyotoboka. Mwaka 1741 akawa profesa palepale!

Katika kitabu chake cha mwaka 1758 alipanga wadudu wote katika makundi 7, zaidi kwa kutazama mabawa. Kundi moja aliliita Neuroptera, maana yake mabawa yenye mishipa. Humo alitia kale kadudu ka kijani kenye macho ya kung'aa kama dhahabu, tunakokaona usiku karibu na taa. Alitia pia kereng'ende, sababu naye iko na mabawa kama wavu.

Hapo njo alikosea, ingawa si kwa uvivu. Mabawa yanaweza kufanana bila undugu. Wataalamu waliokuja nyuma walitazama watoto wa wadudu hao. Mutoto wa kadudu ka kijani iko na taya mbili kama mirija. Anachoma chawa wa mimea na kuwanyonya. Taya za namna hiyo tunaziona pia kwa yule anayechimba kishimo katika muchanga mukavu na kungoja chungu aanguke: hao ni ndugu kweli, na Linné aliwaweka pamoja. Mutoto wa kereng'ende, yeye, anaishi majini na anatafuna. Leo wanaosoma ADN wanasema kwamba ukoo wa kadudu haka uko karibu zaidi na wadudu wa mabawa magumu kuliko na kereng'ende. Nani angedhani?

Linné mwenyewe hakutafuta ukoo. Aliamini kwamba anaonyesha mpango wa Muumba, ingawa katika uzee alikubali kwamba aina zingine za mimea zilitoka katika kuchanganyika.

Alikufa Uppsala tarehe 10 Januari 1778. Mwaka 1784 mjane wake aliuza vitabu, mimea na wadudu wake kwa Mwingereza James Edward Smith, na wadudu hao wangali London.