Émile Zola na farasi wa mu shimo

Émile Zola alizaliwa Paris tarehe 2 aprili 1840. Baba yake, enjenia mwenye kutoka Italia, alikufa mutoto akiwa hajafikisha miaka 7, na mama akabaki na shida mingi. Mu 1859 kijana alianguka mara mbili mtihani wa kumaliza sekondari. Akapata kazi kwa wachapaji vitabu Hachette, halafu akaanza kuandika.

Februari 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini ya Ufaransa, waliingia mu mugomo. Zola hakungoja kuletewa habari. Alipanda treni, akatembelea nyumba za wafanyakazi, akashuka mwenyewe mu shimo Renard, pale Denain. (Wenye kuandika juu yetu leo, ni wangapi wameshuka?) Chini kule farasi walikuwa wanavuta wagoneti mu giza, na yeye akawaangalia vizuri.

Mu 1885 kitabu chake Germinal kikatoka. Ndani yake kuna Bataille, farasi mweupe, miaka 10 chini ya udongo. Pahali dari iko chini anainama. Milango ya hewa anaisukuma na kichwa. Anahesabu safari zake, na zikitimia anakatala kuongeza hata moja, mpaka wamurudishe kwenye chakula. Hata farasi anajua saa ya kazi imeisha! Trompette yeye ni wa miaka 3 tu. Wanamushusha amefungwa mu wavu, anafika amekauka sawa jiwe, macho yamemutoka kwa woga. Bataille anakuja kumunusa, kwa sababu mwili wake ungali na harufu ya kule juu, ya majani na jua.

Zola hakuwapa farasi wale maneno ya watu. Alitazama macho, pua, shingo, miguu, akaandika ile aliyoona. Trompette hakuzoea giza, akafa. Bataille, maji yalipovunja shimo, alikimbia mu galeri mpaka akakwama kati ya mawe, na maji yakamufunika. Mwenye kufanya kazi chini, akifika pale, anaweka kitabu kando kidogo.

Mu 1898 Zola alimutetea Dreyfus, askari aliyefungwa bila kosa, na yeye mwenyewe akahukumiwa, akakimbilia Uingereza. Alikufa tarehe 29 septemba 1902, usiku, mu chumba chake: moshi wa moto wa kupasha nyumba ulikosa njia, na gazi ikamuua. Sisi gazi ile tunaijua. Siku ya maziko wachimbaji wa Denain walikuja Paris, wakapita wakipaza sauti jina moja tu, Germinal.