Marehemu Baba Askofu Josiah Kibira: Imani Isiyo na Makuu mbele ya Mungu Asiyechunguzika

Miongoni mwa baba wa imani ambao ushuhuda wao ni urithi wa kila usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ukiwemo wa Katandala, yumo Marehemu Baba Askofu Josiah Mutabuzi Kibira. Alizaliwa mwaka 1925 Bweranyange, Karagwe, mbali kaskazini mwa Ufipa, akafiwa na baba yake angali mtoto mdogo. Alipokua alisomea ualimu na kufundisha.

Katika miaka hiyo nchi ya Buhaya ilikuwa imefikiwa na Uamsho, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930. Mafundisho ya walokole yalikuwa machache: mtu akiri dhambi zake waziwazi, aitegemee damu ya Yesu, kisha atembee nuruni pamoja na ndugu zake. Mambo hayo hayakuhitaji cheti cha shule. Bibi kizee asiyejua kusoma na mwalimu wake wa katekisimo walipiga magoti pamoja. Mwaka 1947 Kibira naye aliokoka, na tangu hapo alihesabiwa kuwa mmoja wa ndugu hao.

Wapo waliohofu kwamba elimu ya vitabu ingepoza moto wa namna hiyo. Wapo pia wasomi walioidhania imani ya walokole kuwa ya watu wasiosoma. Maisha ya Kibira yalipita katikati ya hofu hizo mbili. Alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, kuanzia mwaka 1957, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960. Kisha alisoma Boston, Marekani, na mwaka 1964 akawekwa wakfu kuwa askofu, akimfuata Askofu Bengt Sundkler kutoka Uswidi. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushika uaskofu huo.

Elimu haikumpunguzia maswali, bali ilimwongezea. Je, Mhaya akibatizwa, ukoo wake unabaki na haki gani juu yake? Je, Kanisa laweza kuwa ukoo mpya bila kudharau ule aliozaliwa nao? Mambo haya aliyachunguza katika kitabu chake kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichotoka mwaka 1974. Hata hivyo hakuuacha ushirika wa walokole. Aliyefundishwa kumchunguza Mungu kwa lugha za wanazuoni aliendelea kuungama pamoja na ndugu zake kama mwenye dhambi aliyeokolewa kwa neema.

Mwezi Juni 1977, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, nao ukamchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza katika cheo hicho. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la ukiri wa imani yenyewe. Hapo ilionekana kwamba imani iliyo rahisi kutamkwa si rahisi kuishi. Kama damu moja imewakomboa wote, meza ya Bwana haiwezi kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Kibira aliongoza Fungamano hadi mwaka 1984.

Mzigo wa mwisho haukuwa wa vikao. Maradhi ya Parkinson, yanayotetemesha mikono na kukakamaza viungo, yalimshika angali katika utumishi. Mtu aliyesimama mbele ya mataifa alidhoofika mwili, na hakuna kitabu cha theolojia kiwezacho kueleza kikamilifu kwa nini Mungu huruhusu hivyo. Alifariki dunia mwezi Julai 1988.

Mkulima wa Ufipa hufukia majani chini ya tuta, akayaacha yaoze, kisha akapanda. Hajui yote yatendekayo humo gizani, lakini hupanda, wala haoni haya kuuliza na kujifunza zaidi. Ndivyo alivyoishi Baba Askofu Kibira. Hakumfanya Mungu kuwa mdogo ili apate kumwamini, wala hakungoja kumwelewa ndipo amtumainie. Urithi huo unamtosha msomi wa Katandala na mzee asiyesoma, nao waweza kuketi pamoja kwenye benchi moja.