R. L. Moore na Masharti ya Darasa

Robert Lee Moore alizaliwa Dallas, Texas, mwaka wa 1882, akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1905. Kuanzia 1920 hadi 1969 alifunza hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas. Masharti yake yalikuwa bayana: mwanafunzi asisome kitabu, asishauriane na mwenzake, wala asitarajie mhadhara. Mwalimu alitoa fasili na kauli za kuthibitishwa. Uthibitisho aliutafuta mwanafunzi mwenyewe na kuutetea ubaoni, na aghalabu aliye dhaifu ndiye aliyetangulia kuitwa. Kwa njia hiyo aliwalea wanafunzi 50 wa uzamifu, miongoni mwao R. L. Wilder na R. H. Bing.

Hata hivyo, lilikuwapo sharti jingine. Chuo kilipofungulia weusi milango katika miaka ya 1950, Moore alikataa katakata kuwafunza. Alifariki mwaka wa 1974. Jengo lililopewa jina lake mwaka wa 1973 lilivuliwa jina hilo mwaka wa 2020. Mbinu yake ingali inaenziwa. Lakini ugumu wa masharti, hata uzae magwiji, hauwi haki iwapo wengine wamezuiwa mlangoni.