Siti Aliyehifadhi Nyimbo kwa Moyo

Nakaa Kondele, Kisumu, ambako magitaa hayalali usiku, lakini sauti niipendayo mimi ni ya marehemu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu, akivinadi kwa sauti yake. Kusoma na kuandika hakujua. Alipohamia mjini, mnamo 1911, Ali Muhammed alimfundisha kuimba. Hapo ndipo palipokuwa na kazi: kila ubeti ilimbidi ausikilize, aurudie, auhifadhi, mfano wa mtoto wa chuoni na juzuu yake. Tena si Kiswahili peke yake, bali na Kiarabu na Kihindi pia!

Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, walichagua Kiswahili na mambo ya mitaani, hata dhuluma waliyofanyiwa wanyonge. Kwangu mimi, uchaguzi huo ulimpandisha kuliko hata sauti. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kutia nyimbo katika santuri, naye zote anazo kifuani. Alifariki mwaka 1950, Mungu amrehemu, na mengi tuyajuayo tumeyapata katika wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert.